UZI: Programu ya kuandikia madokezo yanayounganishwa, tuipime kwa viungo vyake

Kalamu Ndefu:

Wakuu, salaam.

Mtu akiuliza "nitumie programu gani kuandikia madokezo?" hupewa majina kumi, na kila jina lina mashabiki wake. Majina hayamsaidii asiyejua anapima nini. Uzi huu ni wa yule anayejenga madokezo ya miaka mingi: mtafiti, mwanafunzi wa shahada za juu, mwandishi, mwanasheria, mhandisi, yeyote anayetaka alichosoma leo kikutane na alichosoma miaka mitano nyuma. Kwa orodha ya kazi za wiki, programu iliyokuja na simu inatosha kabisa.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwenye kazi hii mali yako kubwa ni viungo. Maandishi utarudishiwa na karibu kila programu siku ukihama, ila viungo kati ya dokezo na dokezo ndivyo hupotea njiani, na ndivyo vilivyokula muda wako. Kwa hiyo kabla hujapenda rangi na mwonekano, kagua kiungo kinaandikwaje ndani ya faili lenyewe.

Kuna namna mbili kuu. Ya kwanza ni kiungo kwa jina: unaandika `[[Mmomonyoko wa udongo]]` na programu inatafuta faili lenye jina hilo. Obsidian, Zettlr, Foam na kurasa za Logseq ziko upande huu. Uzuri wake ni kwamba hata ukifungua faili kwa kihariri chochote, unasoma kiungo kinakoelekea. Ubaya wake: ukibadilisha jina la faili nje ya programu, kwa mfano kupitia kidhibiti faili cha kompyuta, viungo vyote vilivyolielekea vinakatika, na hakuna atakayekuambia.

Ya pili ni kiungo kwa kitambulisho. Joplin huandika `[Mmomonyoko wa udongo](:/` ikifuatiwa na herufi na tarakimu 32. Org-roam (inayokaa ndani ya kihariri cha Emacs) na Notion nazo hutegemea vitambulisho. Hapa unaweza kubadilisha kichwa mara mia na kiungo hakitikisiki. Lakini ukiyatoa madokezo nje, vitambulisho hivyo havina maana mpaka programu nyingine ivitafsiri.

Fanya jaribio hili kabla ya kuhamia popote. Andika madokezo 30 halisi ya somo unalolifanyia kazi. Ukijaribu na matatu tu kila programu itaonekana nzuri. Weka angalau viungo 40 kati yao, picha tano, faili moja la PDF, jedwali moja, na dokezo moja ambalo kichwa chake kina alama ya nukta mbili. Kisha badilisha majina ya madokezo manne, hamisha mawili kwenda folda nyingine, zima intaneti na uendelee kuandika kwa saa moja, halafu toa kila kitu nje kwa umbo la Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio. Fungua matokeo kwa kihariri cha kawaida cha maandishi. Hesabu viungo vilivyobaki vinasomeka na picha zilizobaki mahali pake. Alasiri moja inatosha kwa zoezi hili.

---

Fundi wa Mafaili:

Mkuu umegonga penyewe. Niongeze upande wa Obsidian maana ndiyo inayotajwa zaidi, na wengi huiacha na mipangilio iliyokuja nayo.

Madokezo yake ni mafaili ya Markdown ndani ya folda ya kawaida. Mipangilio, mandhari na programu-jalizi (nyongeza unazosakinisha ndani yake) hukaa kwenye folda iliyofichwa iitwayo `.obsidian` ndani ya folda hiyo hiyo. Watu hunakili madokezo kwenda kompyuta mpya, wakaisahau hiyo folda iliyofichwa, kisha wakashangaa kila kitu kimerudi kama siku ya kwanza.

Siku ya kwanza ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mafaili na viungo, na ushughulikie mambo matatu. Washa kusasisha viungo vya ndani kiotomatiki pale jina la faili linapobadilika. Weka folda maalumu ya viambatisho, la sivyo picha zitatapakaa katikati ya madokezo. Halafu amua aina ya kiungo. Ukitaka uhuru wa kuhama siku yoyote, zima mabano mraba mawili na uchague njia ya faili inayoanzia kwenye dokezo lenyewe; utapata viungo vya Markdown vya kawaida vinavyofunguka hata kwenye programu zisizojua mabano hayo. Gharama yake ni kwamba nafasi kati ya maneno hugeuka `%20` na maandishi yanachosha macho. Mimi naona mabano mraba yanatosha kwa wengi, kwa sababu programu nyingi za aina hii siku hizi zinayaelewa.

Kiungo kinaweza pia kuelekea kichwa kidogo ndani ya dokezo, `[[Udongo#Aina za udongo]]`, au aya moja, ambapo programu hubandika alama kama `^a1b2c3` mwishoni mwa aya ile. Hapo pana mtego. Ukikihariri kichwa kidogo kwa kukiandika upya tu, viungo vilivyokielekea havibadiliki. Inabidi ubofye kulia juu yake na utumie amri ya kubadilisha jina la kichwa.

Na kuhusu majina ya mafaili: alama `#`, `^`, `[`, `]` na `|` zinaharibu viungo. Windows kwa upande wake inakataa `: ? * " < > | \ /`. Mwenye kupenda vichwa vya maswali kama "Kwa nini udongo humomonyoka?" aiache alama ya kuuliza nje ya jina la faili, hata kama leo anatumia mfumo unaoikubali. Faili hilo siku moja litafika kwenye Windows na kugoma.

---

Mwanagenzi_wa_Rejea:

Shukrani wakuu. Swali: nipange kwa folda, lebo au viungo? Kila ninaposoma naona watu wanapingana.

---

Kalamu Ndefu:

Wanapingana kwa sababu kila kimoja kina kazi yake, na watu wanataka kimoja kifanye kazi zote.

Folda zitumie kutenganisha vitu kwa aina ya faili na matumizi: madokezo, viambatisho, violezo, shajara. Usipange mada kwa folda, kwa kuwa dokezo moja huingia folda moja tu ilhali wazo zuri lina mada tatu. Lebo zitumie kwa hali ya dokezo: `#rasimu`, `#lahakikiwa`, `#swali`. Orodha ya lebo ikizidi thelathini hivi, hutazikumbuka, na utaanza kuwa na `#historia` na `#kihistoria` kwa kitu kimoja.

Mada ziwe madokezo. Badala ya lebo `#udongo`, fungua dokezo liitwalo "Udongo" na uliunganishe. Lebo haiwezi kubeba maelezo. Dokezo la mada linabeba utangulizi, mpangilio wa madokezo yaliyo chini yake, na sentensi zinazosema kwa nini hili linafuata lile. Mada ikifikisha madokezo kumi na tano au ishirini, hapo ndipo dokezo la faharasa, linaloorodhesha madokezo ya mada hiyo, linaanza kulipa. Ukilifungua mapema zaidi utakuwa unapanga rafu tupu.

---

Aya kwa Aya:

Naona Logseq imetajwa kwa mkato, na ndiyo inayofaa zaidi kwa mtu anayefikiri kwa vipande.

Ni chanzo huria chini ya leseni ya AGPL. Kila mstari ni nukta ya orodha, na kila nukta inaweza kurejelewa peke yake popote. Ukiandika kwenye ukurasa wa shajara ya leo `[[Udongo]]`, nukta ile pamoja na nukta zilizo chini yake huonekana chini ya ukurasa wa "Udongo", muktadha wote ukiwepo. Huhitaji kuamua dokezo liende wapi kabla ya kuandika. Kwa mwenye mikutano mingi au anayesoma makala nyingi kwa siku, hilo linaondoa kikwazo kikubwa, maana wazo linanaswa kwanza na kupangwa baadaye.

Ila ijue kasoro yake ya kiufundi. Ukirejelea nukta, Logseq huandika kitambulisho kirefu ndani ya mabano mawili ya mviringo, na chini ya nukta asili huweka mstari wa `id::`. Ukifungua faili hilo kwingine, unaona mlolongo wa herufi na tarakimu usiojua unaelekea wapi. Pia faili zima ni nukta juu ya nukta, kwa hiyo ukihamia programu ya maandishi marefu utapata aya zote zimegeuka orodha. Kanuni inayosaidia: rejelea ukurasa kwa jina kadiri uwezavyo, na rejeleo la nukta lihifadhi kwa nukuu au takwimu ambayo hutaki kuiandika mara mbili.

Jambo jingine la kuliweka akilini: timu yake imekuwa ikijenga toleo linalohifadhi kwenye hifadhidata ya SQLite badala ya mafaili ya Markdown. Anayeichagua kwa sababu ya mafaili aangalie anasakinisha toleo lipi.

---

Fundi wa Mafaili:

@Aya kwa Aya nakubali kuhusu kunasa wazo haraka. Napingana nawe kwenye kuandika kwa kina. Hoja ndefu inahitaji aya zenye viunganishi, "kwa hiyo", "hata hivyo", "ila ikiwa". Nukta zinakuruhusu kuweka mawazo mawili jirani bila kusema yanahusianaje. Baada ya miezi sita unasoma nukta nane na hujui ipi ni sababu na ipi ni matokeo.

---

Aya kwa Aya:

Hilo ni kosa la mwandishi zaidi kuliko la programu, mkuu. Nukta inaweza kuwa sentensi tatu kamili. Lakini nakupa haki kiasi: umbo la nukta linashawishi watu waandike kwa mkato.

---

Dada Lakabu:

Kuna jambo ambalo miongozo ya kigeni hailigusi, na sisi tunaoandika madokezo kwa Kiswahili linatuumiza kila siku. Maneno yetu hubadilika mwanzoni. Kitabu, vitabu. Mti, miti. Mwalimu, walimu. Ua, nyua. Programu hizi zinapotafuta "mahali neno limetajwa bila kiungo" hulinganisha herufi kama zilivyo, kwa hiyo dokezo lako la "Mti" halitaona aya iliyojaa "miti". Kwa lugha ambayo wingi ni herufi moja mwishoni, sehemu kubwa ya neno huwa bado inalingana. Kwetu mwanzo wenyewe umebadilika, na hata pendekezo la kukamilisha neno halitokei.

Dawa ni lakabu, yaani majina mengine ya dokezo lile lile. Juu kabisa ya dokezo weka kitalu cha sifa kati ya mistari miwili yenye vistari vitatu:

```
---
aliases: [miti, mti]
---
```

Kuanzia hapo Obsidian ikiona "miti" mahali popote itakuonyesha kuwa ni mtajo usiounganishwa, na ukiandika `[[miti` itakupendekezea dokezo sahihi na kukuandikia `[[Mti|miti]]`. Kwa kila dokezo la nomino weka umoja na wingi siku ile ile unapolifungua. Ukiacha hadi baadaye hutarudi.

Vitenzi ni kazi ngumu zaidi. Anasoma, nilisoma, wamesoma, kusoma, husoma: shina lipo katikati. Utafutaji wa kawaida wa Joplin unatumia faharasa ya maneno ya SQLite, na nyota ya kukamilisha neno inafanya kazi mwishoni tu. Ukiandika `som*` utapata "soma" na "somo" lakini "nilisoma" haitokei. Anza utafutaji kwa mkwaju, `/som`, nayo itatumia utafutaji wa namna nyingine, usiotegemea faharasa, unaoangalia hata katikati ya neno. Ni wa polepole, lakini unaona. Kwenye jaribio la Kalamu Ndefu ongezeni kipimo hiki: tafuta shina la kitenzi na uone programu inarudisha nini. Programu isiyoweza kutafuta katikati ya neno itakuficha nusu ya madokezo yako ya Kiswahili.

Kwa vichwa, chagueni kanuni moja na kushikamana nayo. Mimi napendekeza umoja kwa vitu ("Mto", "Mkataba") na nomino-kitenzi kwa michakato ("Kuchuja maji", "Kupima udongo"). Mchanganyiko wa "Uchujaji maji", "Kuchuja maji" na "Jinsi ya kuchuja maji" utakupa madokezo matatu ya jambo moja, na viungo vitagawanyika kati yao.

---

Kalamu Ndefu:

Dada Lakabu hii ni nondo. Niongeze angalizo moja la kitalu cha sifa: lugha yake ni YAML, na YAML ina ukali. Kichwa chenye nukta mbili ikifuatiwa na nafasi, kama `title: Maji: chanzo na matumizi`, kinavunja kitalu kizima. Kizungushie alama za kunukuu. Usijongeze mistari kwa kitufe cha Tab, tumia nafasi. Na kiungo ndani ya sifa lazima nacho kiwe ndani ya nukuu: `mada: "[[Maji]]"`.

---

Mtoa_Hoja:

Mbona hakuna anayetetea Notion? Timu nyingi zinaitumia, ina majedwali mazuri na viungo rejea inavyo, yaani inakuonyesha madokezo yanayoelekea ulipo.

---

Fundi wa Mafaili:

Kwa kazi ya kikundi inastahili sifa. Jedwali linaloweza kuchujwa, ruhusa za watu mbalimbali, ukurasa ndani ya ukurasa: hapo programu nyingi za mafaili haziifikii.

Kwa hifadhi binafsi ya muda mrefu, angalia inavyotoka. Ukiagiza itoe Markdown na CSV (majedwali kwa maandishi matupu), kila faili hupewa jina likifuatiwa na kitambulisho cha herufi na tarakimu 32, na kurasa zilizo ndani ya kurasa hugeuka folda ndani ya folda. Windows kwa kawaida ina kikomo cha herufi 260 kwa njia nzima ya faili, na kurasa za ngazi ya nne au ya tano zenye vichwa virefu hupita hapo. Matokeo yake ni kwamba kufungua faili la zip kunagoma katikati na baadhi ya kurasa hazitoki. Ukipata tatizo hilo, lifungulie kwenye folda fupi kama `C:\n` badala ya folda ya vipakuliwa. Majedwali yanatoka kama CSV, lakini mionekano uliyoipanga, vichujio na mahusiano kati ya majedwali hubaki huko huko.

Na kwa ujumla, huduma inayohifadhi kila kitu kwenye seva zake inaweza kubadili masharti. Evernote ilikuwapo tangu 2008, na Desemba 2023 mpango wake wa bure ukawekewa kikomo cha madokezo 50 na daftari moja. Upande wa pili, programu ya madokezo ya Dendron iliacha kuendelezwa mwaka 2023, lakini kwa kuwa madokezo yake yalikuwa Markdown kwenye folda ya mtumiaji, watu waliyafungua kwingine na kuendelea.

---

Mwanagenzi_wa_Rejea:

Nina daftari kadhaa Evernote. Nizihamisheje bila kuharibu?

---

Fundi wa Mafaili:

Toa daftari moja moja kwa umbo la ENEX, ambalo ni la Evernote yenyewe la kutolea madokezo, usitoe yote kwa pamoja. Faili la ENEX hubeba lebo na tarehe za dokezo lakini halibebi jina la daftari, kwa hiyo jina la faili ndilo litakalokukumbusha. Anza na daftari dogo kuliko yote, ukague matokeo, ndipo uendelee na makubwa.

Obsidian ina programu-jalizi rasmi ya kuingiza, Joplin inaingiza ENEX moja kwa moja. Tatizo ni viungo vya ndani: vinaanza na `evernote:///` na vinaelekea kule kule ulikotoka. Baadhi ya vigeuzi hujaribu kuviunganisha upya kwa kulinganisha vichwa, ndiyo maana kabla ya kutoa chochote hakikisha hakuna madokezo mawili yenye kichwa kimoja. "Mkutano" saba zitagongana. Zipe tarehe mwanzoni, kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, ili zipangike zenyewe.

Akaunti ya zamani usiifute mpaka umeyatumia madokezo mapya kwa miezi miwili hivi. Makosa ya uhamisho huonekana siku unapolihitaji dokezo.

---

Nakala Tatu:

Tuongelee kusawazisha, maana hapa ndipo madokezo hufa.

Kanuni ya kwanza: folda moja, huduma moja ya kusawazisha. Ukiweka folda ya madokezo ndani ya OneDrive na wakati huo huo ukawasha huduma ya Obsidian au Syncthing (inayosawazisha kifaa na kifaa moja kwa moja) juu yake, huduma mbili zitashindana kuandika faili lile lile. Utaona nakala zinazaliana, au dokezo linarudi hali ya jana.

Kanuni ya pili: mgongano ni jambo la kawaida, kinachotakiwa ni kujua unavyoonekana. Syncthing huacha faili lenye `.sync-conflict-` na tarehe ndani ya jina. Dropbox nayo huongeza maneno ya kuonyesha ni nakala iliyogongana. Tafuta majina hayo kila mwisho wa wiki, linganisha, chagua, futa ya ziada. Ukiyaacha, viungo vinaanza kuelekea nakala isiyo sahihi.

Ya tatu: huduma za wingu zenye tabia ya kuokoa nafasi huacha kivuli cha faili kwenye kompyuta na kulipakua pale tu unapolifungua. Kwa picha za likizo si neno. Kwa madokezo ni balaa, kwa sababu utafutaji na orodha ya viungo rejea vinahitaji kusoma mafaili yote. Kwenye OneDrive bofya kulia folda na uagize ibaki kwenye kifaa muda wote.

Kwa Android, programu rasmi ya Syncthing ilisitishwa mwishoni mwa 2024, yaliyopo sasa ni matawi yanayoendelezwa na wengine. Na simu nyingi huua programu za nyuma ili kuokoa betri, basi iondoe kwenye orodha ya kubanwa, au jizoeze kuifungua na kusubiri imalize kabla ya kuandika. Kwa iPhone, Obsidian inasawazisha kwa iCloud au kwa huduma yake ya kulipia bila matata. Njia nyingine zinahitaji kuzunguka.

Joplin ina usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho ndani yake, lakini fuata utaratibu: washa kwenye kifaa kimoja, subiri isawazishe mpaka mwisho, ndipo ufungue kifaa cha pili na kuingiza nywila kuu. Ukiwasha kwenye vifaa viwili kwa wakati mmoja unatengeneza funguo mbili na kazi isiyo ya lazima.

Na kusawazisha si chelezo. Ukifuta dokezo hapa, linafutika kule ndani ya sekunde chache. Weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo unalofanyia kazi. Kwa wanaotumia Git, inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili: ongezeni `.obsidian/workspace.json` kwenye `.gitignore`, kwa sababu faili hilo hubadilika kila unapofungua dirisha na litajaza historia yako mabadiliko yasiyo na maana.

---

Msomi wa Kadi:

Nimefurahi kwamba uzi umekaa kwenye viungo. Ila naona hatujagusa dokezo lenyewe liwe na ukubwa gani, na hilo linaathiri uchaguzi wa programu.

Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyefariki 1998, alijenga sanduku la kadi zipatazo 90,000 kwa mkono. Chuo Kikuu cha Bielefeld kimekuwa kikiziweka kidijitali. Kadi zake zilikuwa na namba zinazochipua matawi: 21, kisha 21a, kisha 21a1, ili wazo jipya liingizwe nyuma ya lile linaloliendeleza bila kupanga upya zote. Faharasa yake ya maneno ilitaja namba chache tu kwa kila neno. Aliingilia mlango mmoja, kisha akafuata kadi hadi kadi.

Tunachojifunza kwa vitendo ni kwamba dokezo libebe dai moja linaloweza kusimama peke yake, maneno 100 hadi 300 hivi, na kiungo kiwe ndani ya sentensi inayoeleza sababu. "Hili linapingana na [[Mvua haba hupunguza mmomonyoko]] kwa sababu udongo mkavu hubomoka mvua ya kwanza ikija kwa nguvu" ni kiungo chenye kazi. Orodha ya "Tazama pia" yenye viungo tisa haitakuambia chochote mwakani.

Ndiyo maana napima orodha ya viungo rejea kuliko kitu kingine chochote. Programu inayoonyesha majina matupu ya madokezo yanayoelekea hapa inakulazimisha uyafungue moja moja. Inayoonyesha sentensi iliyozunguka kiungo inakupa hoja yenyewe. Obsidian na Logseq zinafanya hivyo. Joplin haina orodha hii yenyewe, unaiongeza kwa programu-jalizi. Apple Notes iliruhusu kuunganisha dokezo na dokezo mwaka 2023, kwa kuandika `>>`, lakini kiungo kinakwenda upande mmoja.

Grafu ya vitone na mistari msiinunulie programu. Ikifika madokezo mia tano inageuka wingu lisilosomeka. Matumizi yake ya kweli ni mawili: kuona madokezo yasiyo na kiungo hata kimoja, na grafu ndogo ya jirani wa dokezo ulilo nalo kwa hatua moja au mbili.

---

Mtoa_Hoja:

Na wale wenye makala za PDF na rejea za kitaaluma?

---

Msomi wa Kadi:

Rejea ziache kwa programu ya rejea. Zotero ihifadhi PDF na taarifa za chapisho, programu ya madokezo ihifadhi mawazo yako. Ukizichanganya utakuwa na gigabaiti za PDF zinazochelewesha kusawazisha.

Kwa kila chapisho fungua dokezo moja la chanzo, jina lake likiwa ufunguo wa nukuu unaotolewa na Better BibTeX, programu-jalizi ya Zotero, na ubandike ndani yake kiungo cha `zotero://select/library/items/` kikifuatiwa na ufunguo wa herufi nane wa chapisho. Kipo pia cha `zotero://open-pdf/` kinachoweza kukufikisha ukurasa husika ukimalizia na `?page=12`. Ukiandika nukuu kwa mtindo wa `[@ufunguo]`, Pandoc, programu ya kugeuza maandishi kutoka umbo moja kwenda jingine, itazigeuza kuwa orodha ya marejeo siku ya kutoa makala.

Nukuu za moja kwa moja zibaki kwenye dokezo la chanzo pamoja na namba ya ukurasa. Dai lako liende dokezo lake, liunganishwe na chanzo. Hapo ndipo utaweza kukuta vyanzo vinne vikigombana chini ya dai moja.

---

Mwanagenzi_wa_Rejea:

Swali la mwisho kwangu. Emacs na TiddlyWiki zinastahili kujaribiwa?

---

Kalamu Ndefu:

Org-roam ni imara sana kwa anayetumia Emacs tayari. Kila dokezo lina kitambulisho ndani ya faili, na hifadhidata yake ya SQLite ni faharasa tu, ikiharibika unaijenga upya kwa `org-roam-db-sync`. Kwa asiyejua Emacs, hesabu wiki kadhaa za kujifunza kihariri kabla ya dokezo la kwanza la maana. Simu nayo ni udhaifu wake.

TiddlyWiki, iliyoanza 2004, ni faili moja la HTML lenye kila kitu ndani. Unalibeba popote na linafunguka kwenye kivinjari. Ila kivinjari hakiwezi kuhifadhi juu ya faili lile lile bila msaada, kwa hiyo panga njia ya kuhifadhi kwanza, ama nyongeza ya kivinjari ama seva ndogo ya Node.js. Na picha usizipachike ndani. Zikigeuzwa maandishi zinakua kwa takriban theluthi moja na faili linakuwa zito kufungua.

---

Nakala Tatu:

Kwa wanaotumia Linux au Mac na madokezo ya mabano mraba, ipo njia ya kukagua viungo bila kutegemea programu yoyote. Sakinisha ripgrep (chombo cha kutafuta maandishi ndani ya mafaili), ingia folda ya madokezo na uandike:

```
rg -oI -g '*.md' '\[\[[^\]|#]+' | sort | uniq -c | sort -rn
```

Utapata kila jina linaloelekezwa na idadi ya mara. Yaliyo juu yenye idadi kubwa lakini hayana faili ndiyo madokezo unayodaiwa kuandika. Yaliyo chini yenye 1 yapitie kwa jicho la makosa ya tahajia: "Mmomonyoko" na "Momonyoko" hukaa hapo kama vitu viwili. Picha zilizopachikwa nazo zitatokea, zipite. Iendeshe kabla na baada ya uhamisho wowote na ulinganishe orodha mbili. Mstari uliopungua ndio kiungo kilichopotea.